Land Rover 109 la Baba Mdogo: shajara ya kulirudisha Amani

Jumamosi, 13 Januari 2024

Limefika. Fuso lililolibeba kutoka Pangani liliingia uani saa kumi jioni. Tulilishusha kwa mbao mbili za mnazi, watu sita tukiwa nyuma na kamba kulizuia lisiteremke kwa kasi, maana breki halina kabisa.

Ni Land Rover Series III, pikapu, la mwaka 1976. Mafundi wanaliita mia na tisa, kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, karibu mita 2.77. Injini ni ya petroli, silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 2,286. Baba mdogo alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka 1989, akalitumia miaka kumi na tisa kushusha iliki, mdalasini na ndizi kutoka Amani, juu kwenye milima ya Usambara, hadi hapa Muheza. Mwaka 2008 aliliuza Pangani.

Sababu ya kuliuza nataka niiandike hapa mwanzoni, kwa kuwa ndiyo itakayoongoza kila nitakachofanya. Siku hiyo alikuwa akishuka na mzigo, na bomba moja la breki likapasuka. Gari hili lina masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya njia moja inayolisha magurudumu yote manne. Bomba lolote likipasuka, mafuta yote yanatokea hapo na pedali inazama hadi sakafuni. Aliliegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Akatembea kwa miguu hadi Sigi, chini ya mlima, kutafuta watu wa kumsaidia, na tangu siku ile hakulipandisha tena mlima ule. Pangani ni tambarare, ndiyo maana likaenda huko.

Mimi nataka lirudi Amani. Kupanda kutakuwa kazi ya injini. Kushuka ndiko ninakolitengenezea.

Jumamosi, 20 Januari

Kazi ya leo ilikuwa ya nyundo na masikio.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu tangu zile za kwanza za mwaka 1948, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo ukilitazama kwa nje unadanganyika: rangi imepauka, milango imebonyea, lakini kutu huioni. Kutu iko chini. Chasisi ni ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, nayo huliwa kutokea ndani kuja nje. Macho hayatoshi. Unalala chini, unagonga kila kiganja kimoja, unasikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabweteka tu.

Mihimili mirefu miwili ni mizima kwa sehemu kubwa. Mikono ya pembeni inayoshika bodi chini ya milango imeoza mitatu. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva una matundu mawili pale viatu vinapokaa. Lakini mhimili wa nyuma, ule wenye ndoano ya kuvutia, nilipougonga mara ya pili ulidondoka kwa vipande vya rangi ya kahawia, vyembamba kama maganda ya vitunguu.

Nikampigia simu aliyeniuzia nikamuuliza walikuwa wakibeba nini. Samaki, akasema, masanduku ya samaki na barafu karibu kila siku. Basi nikaelewa. Barafu ikiyeyuka inachuruzika na chumvi, inapenya kwenye maungio ya sakafu ya bodi, inatua juu ya mhimili wa nyuma na kuingia ndani. Kuna matundu madogo chini yaliyowekwa makusudi ili maji yatoke, na yote yalikuwa yamezibwa na tope lililogeuka jiwe. Maji ya chumvi yamekaa humo miaka na miaka bila njia ya kutokea. Bisibisi moja, dakika kumi kila mwaka, ingetosha.

Uingereza wanauza chasisi mpya zilizochovywa kwenye zinki. Nimepiga hesabu ya bei, meli na ushuru, nikaikunja karatasi. Tutakata na kuchomelea.

Jumamosi, 3 Februari

Wiki mbili za kufungua nati. Binti yangu wa kidato cha pili amejipa kazi ya ukarani: kila nati na bolti inaingia kwenye kopo la maziwa lenye karatasi, na kabla ya kitu chochote kutoka anakipiga picha kwa simu pande tatu. Siku ya kwanza nilimwona anapoteza muda. Leo tumerudisha kibano cha waya kilichokuwa kimetoka Jumatatu, na bila picha yake tungekifunga kinyume.

Neno kwa atakayefungua gari kama hili na seti ya spana za milimita. Nati nyingi humu ni za inchi. Ile ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaishika kwa ulegevu. Ya inchi 9/16 ni karibu milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaila pembe zote. Mafundi waliopita hapa walikuwa na 13 na 15, na kazi yao naiona kwenye kila kichwa cha bolti kilichokuwa duara kama kitufe. Nimenunua seti ya inchi, ya mtumba, nayo imenirudishia gharama yake siku ile ile. Kwa zilizokataa: dizeli usiku kucha, moto wa gesi asubuhi, kisha nyundo kidogo pembeni kabla ya kuzungusha. Tangi la petroli, lililo chini ya kiti, lilitoka kwanza likapelekwa mbali kabisa na moto.

Halafu nikafika kwenye mabomba ya breki, na hapo nililazimika kukaa chini.

Bomba linaloenda nyuma lilikuwa limekatwa, likakunjwa mara mbili kwa koleo na kugongwa mpaka likabana. Hakuna mafuta yaliyokuwa yakipita. Maana yake ni kwamba baada ya bomba kupasuka kule mlimani, mtu aliliziba badala ya kulibadilisha, na gari hili lilibeba samaki na watu miaka yote ya Pangani likisimama kwa magurudumu mawili ya mbele tu. Sijui ni nani, wala sitafuti kujua. Nimekikata kipande kile nikakipigilia msumari kwenye nguzo ya banda, usawa wa macho yangu.

Jumamosi, 24 Februari

Chasisi inachomelewa.

Kabla ya kukata chochote tulisawazisha chasisi juu ya magogo manne, tukachomelea vyuma vya muda kwa mshazari ili isijipinde, kisha tukapima kwa futi ya kamba kutoka tundu la springi ya mbele kulia hadi la nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili hivyo lazima vilingane. Vyetu vilitofautiana milimita 3, tukaridhika navyo na kuviandika kwa chaki ukutani. Kila baada ya kipande kimoja tunapima tena.

Fundi anatumia bamba la milimita 3, nene kuliko la kiwandani. Anachomelea kwa vipande vifupi, kama vidole viwili, kisha anahamia upande mwingine kabisa wakati pale panapoa. Ukichomelea mstari mrefu kwa mfululizo joto linavuta chuma, na chasisi inageuka upinde. Nilimwona kijana wake akitaka kuunganisha mistari ili amalize upesi kwa kuwa umeme ulikuwa umeshakatika mara tatu. Fundi hakumfokea. Alimpa futi apime mshazari mwenyewe. Kijana akapima, akarudi kwenye vidole viwili.

Mhimili mpya wa nyuma tumeuunda sisi wenyewe, na matundu ya maji nimeyatoboa makubwa kuliko ya zamani, mara mbili. Mikono ya pembeni tumepata miwili ya gari lililokatwa na mmoja tumeutengeneza. Ndani ya chasisi nimepulizia oili mpaka ikadondoka kila tundu. Ardhi ya banda imechafuka vibaya, nimetandaza pumba za mbao.

Jumamosi, 23 Machi

Ramadhani. Mchana wenye funga na jua hili sigusi nyundo. Baada ya tarawehe tunafanya kazi saa mbili hivi chini ya taa: kusugua, kupaka praima, kusafisha springi. Nimezifungua springi zote nne jani kwa jani. Majani mawili yamevunjika nyuma. Kutu kati ya jani na jani huyagandisha mpaka springi inakuwa ubao mmoja mgumu, na watu husema Land Rover linarusha, kumbe springi hazisogei. Tumesugua, tukapaka grisi yenye grafaiti, tukaweka bushi mpya. Kuna springi za kisasa zenye majani machache yasiyogusana, laini zaidi. Nimezitamani, lakini majani haya yanaweza kuchongwa na mfua chuma wa hapa hapa Muheza yakivunjika, nami nimeamua kubaki nayo.

Jumamosi, 27 Aprili

Masika ya mwaka huu ni mazito. Uani ni ziwa. Banda linavuja mahali pawili na tumelifunika gari turubai. Tumeingia kwenye injini kwa kuwa inaweza kufanyiwa kazi mezani.

Kabla ya kuifungua nilipima mgandamizo. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa kati ya paundi 125 na 135 kwa inchi ya mraba. Ya tatu ilikuwa 70. Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya tatu, nikapima tena: 72. Hapo unajua bila kubahatisha. Kama tatizo lingekuwa ringi, oili ingeziba na kipimo kingepanda. Kikibaki palepale, upepo unatokea kwenye vali. Silinda hedi ilipotoka tukaiona: vali ya egzosi imeungua ukingo kama kaa la moto lilikaa juu yake, na kiti chake kimezama.

Kuna sababu kubwa kuliko gari langu. Injini hizi zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ile, pamoja na madhara yake yote kwa vichwa vya watoto wetu, ilikuwa ikiacha utando mwembamba uliokilinda kiti cha vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na ilikuwa haki kabisa. Lakini kiti laini kikikosa utando ule, vali inakigonga na kukitafuna kidogo kidogo mpaka nafasi ya tapeti inakwisha, vali haifungi sawasawa, moto unapita na kuiunguza. Dawa ni kukereza na kupachika viti vya chuma kigumu upande wa egzosi. Nimeipeleka hedi karakana ya kukereza mjini Tanga. Wameweka viti vinne na vali nne mpya za egzosi, na wameisawazisha uso.

Silinda zenyewe tumezipima, uchakavu ni mdogo. Tumezikwangua kwa jiwe na kuweka ringi mpya. Pistoni ni zilezile.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake unaojulikana: kifuniko cha juu kinapinda kwa joto, petroli inavuja ndani kwa ndani, injini inakohoa na kunywa mafuta. Watu wengi huitupa. Nilichukua kioo cha dirisha, nikakiweka mezani, nikakifunika msasa laini wenye maji na kusugua uso wa kifuniko kwa duara, taratibu, dakika arobaini, mpaka alama za kalamu nilizouchora zikafutika zote kwa usawa. Sasa kinakaa kimya juu ya mwenzake.

Jumamosi, 8 Juni

Kila anayeingia uani ananiambia: tupa petroli, weka Tdi. Wengine ni mafundi ninaowaheshimu, na hoja yao si ndogo. Ile ya 300Tdi ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo, inatoa farasi 111, wakati hii yangu ikiwa mpya ilikuwa na kama 70. Hutumia mafuta kidogo, na spea zake zinapatikana Arusha na Gerezani, Dar es Salaam.

Nimelala na jambo hili siku kadhaa, na jibu langu ni hapana. Difu za gari hili, gia zilizo ndani ya ekseli, ni 4.7 kwa moja. Gari limefungwa gia za kuvuta, si za kukimbia, na Tdi ingekuwa ikilia juu barabara nzima ya lami mpaka nibadilishe na difu pia. Nikibadilisha difu, nimepunguza nguvu ya kuvuta mlimani. Namba ya injini haitalingana na ya kwenye kadi, nianze safari za kuibadilisha. Tena ukiachia mafuta kwenye injini ya petroli, kabureta inafunga njia ya hewa na injini inavuta dhidi ya ombwe, ikilishika gari nyuma. Kwenye mteremko wa Amani nataka mkono huo uwepo. Farasi 70 zilipandisha mdalasini miaka kumi na tisa. Fedha ya Tdi inaenda kwenye breki.

Jumamosi, 20 Julai

Hii ndiyo wiki niliyokuwa nikiisubiri tangu Januari, na imenichosha kuliko zote.

Masta silinda ya njia moja imetoka. Mahali pake nimeweka ya njia mbili yenye sevo, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, pamoja na kisanduku chake cha pedali, kutoka Series III nyingine iliyokatwa Arusha. Yote yanakaa kwenye ukuta uleule kwa bolti zilezile. Njia moja inalisha mbele, nyingine nyuma. Bomba likipasuka upande mmoja, mwingine unabaki na mafuta yake. Pedali itakwenda chini zaidi, gari litachukua nafasi ndefu kusimama, lakini litasimama. Sevo inavuta ombwe kutoka kwenye manifoldi ya injini. Nimewaeleza wote watakaoliendesha: injini ikizimika mteremkoni, msaada wa sevo unakwisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na kuanzia hapo ni nguvu ya mguu wako.

Mabomba yote ni mapya, ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo haili kutu. Nimeyapitisha juu ya mhimili, si chini yake kama mwanzo ambako jiwe liliweza kuyafikia, na kila sentimita 25 nimefunga kibano. Ngoma ni za inchi 11. Mbili za mbele zilikuwa na mistari, mkerezaji amezisafisha. Wili silinda zote mpya, breki shuu, zile zinazobana ngoma kutoka ndani, zote mpya.

Kisha kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba. Siku ya kwanza tulikanyaga na kufungua kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, chupa nne za mafuta ya breki, pedali bado ni sponji. Kila mtu akaanza kuilaumu masta silinda. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa shamba la mkonge alikuja kutusalimia, akatazama, akauliza: "Mmezifunga shuu?" Hatukumwelewa. Akainama mwenyewe, na miaka yake yote ile, akakaza visukurubu vya kurekebishia kwenye kila gurudumu mpaka shuu zikaishika ngoma na gurudumu lisizunguke. "Sasa toeni upepo. Zikiwa wazi, mnapoteza pedali yote kuzisogeza shuu, upepo hauendi popote." Tulimaliza kwa dakika ishirini. Baadaye unalegeza kila gurudumu mpaka lizunguke huru kwa kugusa kidogo tu. Alikunywa chai, akakataa fedha.

Jumamosi, 17 Agosti

Ekseli ya mbele. Mipira miwili ya chuma ambayo magurudumu hugeukia juu yake ilikuwa na vishimo vya kutu, na vishimo hukata oili sili kama msumeno. Sili mpya juu ya mpira mbovu ni fedha iliyotupwa, itavuja ndani ya mwezi. Nimepata mipira miwili mizuri ya mtumba. Ugumu wa kugeuka unarekebishwa kwa kuongeza au kupunguza shimu nyembamba juu, na unapimwa kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye mkono wa stelingi. Niliazima ile ya dukani ya kupimia iliki.

Difu ya nyuma nimefungua kifuniko tu: meno mazima, oili mpya, nimefunga. Giaboksi vilevile. Klachi pleti mpya kwa kuwa tayari tulikuwa tumefika hapo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimetoka Arusha. Palikuwa na tamasha la Land Rover, nami nilikwenda kwa basi kwa sababu langu halina hata viti. Sijawahi kuona kitu kama kile: yamejipanga kila rika, ya watalii, ya mashamba, ya misheni, mengine yamepigwa rangi usiku uleule. Nilitumia siku mbili nikiinama kutazama chini ya magari ya watu, na kila mwenyewe alifurahi kuulizwa. Nimerudi na mambo mawili. La kwanza ni mahali pazuri pa kufunga mikanda ya usalama bila kutoboa bati peke yake: bamba nene nyuma ya ukuta wa kebini, bolti zipite zote mbili. La pili ni rilei za taa. Umeme wote wa taa za mbele ulikuwa ukipita kwenye swichi ya zamani, ukipotea njiani. Ukiweka rilei, swichi inatoa amri tu na umeme unatoka betri moja kwa moja. Nimefunga wiki hii pamoja na balbu za halojeni. Ukuta wa jirani umekuwa mchana.

Jumamosi, 30 Novemba

Rangi imepigwa: kijani iliyokolea, paa na rimu rangi ya maziwa, kama lilivyokuwa. Juu ya aluminiamu inatangulia praima yake ya asidi, la sivyo rangi inabanduka kama ngozi. Sina zaidi la kusema kuhusu rangi.

Injini iliwaka jana saa tano usiku. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, pointi milimita 0.4, tapeti milimita 0.25. Ilichukua mzunguko wa tatu wa stata. Binti yangu ndiye aliyekuwa kwenye ufunguo. Tuliiacha ikinguruma dakika ishirini, na hakuna aliyesema neno mpaka tulipoizima.

Jumamosi, 21 Desemba

Jaribio la breki, kwenye njia tupu ya shamba. Magunia manane ya mchanga nyuma. Kwanza kawaida: linasimama sawa, halivuti upande. Kisha nikafanya nililokuwa nikilifikiria tangu Januari. Nilifungua nati ya kutolea upepo ya gurudumu la nyuma, nikaiacha wazi, nikaendesha kilomita 30 kwa saa na kukanyaga. Pedali ilizama zaidi ya nusu, moyo wangu ukazama nayo, halafu ikashika. Lilisimama. Nikapima kwa hatua: 19, badala ya 8. Nikafunga nati, nikatoa upepo, nikarudia upande wa mbele. Hatua 27, lakini lilisimama.

Jioni nilikwenda kwa baba mdogo. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Limewaka?" Nikamweleza jaribio lote, na zile hatua. Akaniuliza kipande cha bomba lililokunjwa bado ninacho. Nikamwambia kiko kwenye nguzo.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Tumepanda Amani.

Tulitoka Muheza saa moja asubuhi: mimi, baba mdogo kiti cha pembeni, binti yangu katikati. Matairi ni ya 7.50-16, mapya. Tulipofika Sigi tulisimama kabisa, nikavuta nyuma gia yenye kirungu chekundu. Kwenye gari hili ukiingia gia hiyo ya nguvu, magurudumu ya mbele yanaingia kazini yenyewe. Kwenye lami huwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna difu ya katikati, na ekseli mbili zingeshindana mpaka kitu kivunjike. Kwenye udongo uliolowa magurudumu yanapata nafasi ya kuteleza kidogo na kupatana. Lilipanda kama mtu anayekwenda kwa miguu, kona baada ya kona, injini ikiimba sauti moja. Joto la rejeta halikusogea. Baba mdogo alikuwa akitaja kila kona kabla hatujaifikia.

Tulipakia magunia matano ya mdalasini kwa mtu ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimpa baba mdogo mzigo.

Kushuka. Nilitia gia ya pili, bado kwenye nguvu, mguu nikauweka tayari bila kukanyaga. Injini ililishika. Tulipofika karibu na pale mahali, baba mdogo akasema: "Simama hapa." Nikakanyaga. Likasimama palepale kwenye mteremko, na magunia yote matano, halikusogea hata kiganja. Akashuka, akaenda kwenye ukingo wa udongo. Umeota feni na migomba-mwitu, huwezi kujua kulitokea kitu. Alikaa hapo kidogo, akarudi upande wa dereva, akaufungua mlango.

"Sogea," akaniambia.

Aliliteremsha mwenyewe hadi Sigi. Ana miaka 74. Hakugusa breki ila mara tatu, nilizihesabu.

Nyumbani nilishika ngoma zote nne kwa kiganja. Nyuma kulia ni ya moto kuliko nyingine, shuu imekazwa mno. Mpira wa mbele kushoto una unyevu kidogo wa oili kwenye sili, nitaufuta na kuutazama tena. Jumatatu nalegeza kisukurubu robo zamu, kwa sababu Jumanne kuna magunia saba yanatusubiri juu, na baba mdogo ameshaniambia saa ya kuja kumchukua.